Nilivyoacha kuwashukuru watu kwa "helping"

Miaka yangu ya mwanzo ya kuandika barua za Kiingereza nilikuwa na sentensi moja ya kufungia: "Thank you for your helping." Niliipenda kweli. Niliitoa moja kwa moja kwenye "asante kwa kunisaidia kwako", na hakuna aliyenisahihisha mpaka rafiki yangu mmoja alipoisoma akacheka hadi machozi. Kumbe "a helping" ni kiasi cha chakula anachopakuliwa mtu kwenye sahani. Nilikuwa nashukuru kwa kupakuliwa. Ilitakiwa iwe "thank you for your help", au "thank you for helping me".

Kanuni yenyewe ni fupi. Baada ya kihusishi kama "for", "in", "without" au "after", kitenzi hakikai kitupu. Hukaa nomino, au kitenzi chenye -ing. Wengi wetu tunateleza hapo hapo na kuandika "instead of to go", kwa kuwa tulizoeshwa kwamba "ku-" ni "to". Ukishavuka hapo, linakuja swali lililonisumbua zaidi: nichague nomino au -ing?

Kilichonifungua macho ni Kiswahili chenyewe. Sema "kwa kujenga nyumba", kisha useme "kwa ujenzi wa nyumba". Kujenga kunaichukua nyumba moja kwa moja. Ujenzi unadai "wa". Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: "by building houses", lakini "by the construction of houses". Kile cha -ing bado kina nguvu ya kitenzi, kina shamirisho lake, wakati nomino inahitaji "of". Ndiyo maana "after discovering of the problem" inakwaruza sikio. Andika "after discovering the problem", au "after the discovery of the problem". Nikikwama siku hizi najiuliza: hapa kwa Kiswahili ningesema "kugundua" au "ugunduzi wa"? Mara nyingi jibu hutoka lenyewe.

Ila usidhani kwamba hivi viwili hubadilishana tu. "He left without help" maana yake hakusaidiwa. "He left without helping" maana yake yeye ndiye hakusaidia. Herufi tatu, na lawama imehamia kwa mtu mwingine! Vivyo hivyo "the house is for sale" ni nyumba inayouzwa, na "he was fined for selling the house" ni mtu aliyeuza akatozwa faini. Kitenzi chenye -ing kinatafuta mtendaji, na kwa kawaida humkamata yule aliye kiima cha sentensi. Niliwahi kuandika "After paying, the clerk gave me a receipt", na kwa maneno hayo aliyelipa ni karani. "After payment" ingeniokoa, maana nomino haimtaji mtu.

Kuna vifungu vilivyoganda ambavyo huna la kuchagua: "under construction", "on arrival", "in use". Hivyo vikariri tu.

Pale ambapo vyote viwili vinafaa, mimi huchukua -ing. "For the provision of assistance to students" na "for helping students" vinasema jambo lile lile, lakini cha kwanza kina harufu ya faili. (Tunao ugonjwa huo hata kwetu: mtu anaandika "kwa ajili ya ufanyaji wa utekelezaji" badala ya "kutekeleza".)

Mtego uliobaki ni "to", kwa sababu ina sura mbili. Katika "I want to hear" ni alama ya kitenzi. Katika "I look forward to hearing from you" ni kihusishi. Jaribu kuweka "it" baada yake. "I look forward to it" inasimama, basi tia -ing. "I want to it" inaanguka, basi acha kitenzi kama kilivyo. Jaribio hilo hilo ndilo linalotenganisha "I used to wake up early", yaani zamani nilikuwa naamka mapema, na "I am used to waking up early", yaani nimezoea. Na mimi, baada ya miaka yote hiyo, bado nikifika kwenye "used to" nainua kalamu kwanza, nanong'ona "it", ndipo naendelea.