Vifaru vya meli ya Faina
Ndugu, umeuliza silaha nzito huzifikiaje nchi maskini zisizo na kiwanda hata kimoja cha kuziunda. Kisa kinachojibu vizuri zaidi ni cha meli ya MV Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya aina ya T-72 kutoka Ukraine kuelekea Mombasa. Serikali ya Kenya ilisisitiza kuwa shehena hiyo ni ya jeshi lake, lakini hati za mzigo zilikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi, nami nikiwamo, tunazisoma kuwa kifupi cha Kiingereza cha Serikali ya Sudani Kusini (Government of South Sudan), eneo ambalo wakati huo lilikuwa bado sehemu ya Sudani. Muuzaji huhitaji hati ya mtumiaji wa mwisho, yaani karatasi inayotaja nani atakayezitumia silaha, yenye saini ya serikali inayotambulika, na mzigo ukishashushwa bandarini mara nyingi hakuna anayeufuatilia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Sudani Kusini Desemba 2013, ilhali Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea nchi hiyo vikwazo vya silaha Julai 2018 tu, na kwa raia waliokwisha kukimbia makwao ucheleweshaji huo haukuwa na udhuru wowote.