Maswali na majibu: Funga daftari kwanza

Mitihani inakaribia, kwa hiyo safari hii nimechagua maswali yanayohusu kumbukumbu na kujifunza. Vijana wengi wanajichosha bure, na inaniuma kuwaona.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Nasoma mpaka saa nane usiku na nikisoma naelewa kila kitu, lakini nikishika karatasi ya mtihani akili inaganda. Je, huu ni ugonjwa?

Marahaba mwanangu. Si ugonjwa. Namna unayosoma ndiyo yenye kasoro, nawe huna lawama, maana shuleni wote tunaambiwa "someni kwa bidii" bila kuonyeshwa bidii hiyo iende wapi.

Unaposema unaelewa kila kitu, maana yake ni kwamba ukifungua daftari la baiolojia unaitambua mistari yake. Kutambua ni rahisi. Mtihani hautakuonyesha maelezo ya mmeng'enyo wa chakula ili useme kama uliwahi kuyaona. Utakutaka uyatoe kichwani mwenyewe, na zoezi hilo hujalifanya hata mara moja.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, kule St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Wengine walivisoma tena. Wengine hawakurudia, waliandika kwenye karatasi tupu yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Walipopimwa baada ya wiki, waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42 hivi, na waliojipima asilimia 56. Katika jaribio lao la pili, waliorudia kusoma mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba hawatasahau, na ndio waliosahau zaidi. Usiku ule ule wa kusoma, kurudia kunakupa raha ya kujiona umeiva. Raha hiyo ndiyo inayokuangusha.

Sasa fanya hivi. Soma ukurasa mmoja. Funga daftari. Andika unachokumbuka, hata kama ni mistari mitatu na mchoro wa tumbo usio na majina. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Kesho anza na karatasi tupu kabla ya kugusa daftari, kisha rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Itakuwa kazi ngumu na utajiona hujui kitu. Vumilia, maana kumbukumbu hujengeka pale pale unapohangaika kuitafuta. Habari ya kutawanya marudio si mpya: Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, aliandika mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi kubwa saa za mwanzo, na kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa huhitaji jasho dogo kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Na saa nane usiku uwe umelala. Usingizi ndio unaoyaimarisha uliyosoma mchana. Wakuu wa shule za bweni mnaowaamsha watoto saa kumi alfajiri kwenda prepo, mnawanyang'anya kile kile mnachotaka wakipate.

Kuna dawa gani ya kuongeza kumbukumbu?

Nimelijibu mara nyingi na bado linaletwa kila wiki. Hakuna kidonge kinachomfanya mtu mzima wa afya akumbuke asichokisoma. Ukiona umeanza kusahau kwa namna usiyoizoea, nenda hospitali ukapimwe damu na mengineyo. Wazazi, achaneni na vichupa vya "akili ya mtoto" vinavyotangazwa kwenye simu, hamjui kilichomo.

Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Si kweli. Ubongo ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mwili hauwezi kugharimia hivyo kitu kilicholala. Mhamasishaji akikuambia atakufungulia hiyo asilimia 90, usilipe kiingilio.

Mimi na shemeji yangu tuliona ajali ya bodaboda na daladala. Yeye anaapa bodaboda alipita taa nyekundu, mimi nina uhakika ilikuwa kijani. Nani anadanganya?

Huenda hakuna. Mtu anaweza kuapa kwa moyo safi na bado akawa amekosea, na uhakika alio nao hauthibitishi chochote. Hili nitalisema mpaka lisikike, kwa sababu ndugu wanagombana na watu wanafungwa kwa ajili yake.

Kumbukumbu haikai kichwani kama video kwenye simu. Kila ukisimulia unaijenga upya, na vifaa vya kujengea vinatoka hata kwenye maneno ya aliyekuuliza. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawataka wakadirie mwendo. Waliotajiwa magari "yalipopondana" walikadiria maili 41 hivi kwa saa. Waliotajiwa magari "yalipogusana" walikadiria maili 32 hivi. Neno moja tu. Katika jaribio la pili, baada ya wiki waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamuni hamkuwa na kioo kilichovunjika, lakini kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno "yalipopondana", 16 walisema walikiona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno "yalipogongana", ni 7.

Ninyi wawili nadhani mmeshasimuliana mara nyingi, mmesikiliza na walinzi, mmesoma na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mkiitwa kituoni, kila mmoja aseme alichokiona, na aseme pia asichokuwa na hakika nacho. Siku nyingine mkiona ajali, kila mtu aandike peke yake kabla ya kuzungumza.

Ninaongeza ambalo hukuliuliza. Ukihisi mtoto amefanyiwa jambo baya, usimwambie "ni mjomba, si ndiyo?" Mwambie "nieleze ilikuwaje," kisha nyamaza umsikilize. Mwamini, mpeleke hospitali na kwenye dawati la jinsia na watoto polisi mapema, na usimhoji tena na tena sebuleni mbele ya mashangazi. Maswali ya kulisha majibu yanaharibu ushahidi wa mtoto anayesema kweli, na mhalifu anaondoka.

Mwalimu wa shule amesema binti yangu ni "mtoto wa kujifunza kwa kuona", nimnunulie vitabu vya picha tu. Nifanyeje?

Usimfungie humo. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia utafiti wa jambo hili na hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kugawa wanafunzi hivyo. Ramani inataka macho, matamshi yanataka masikio, kwa kila mtoto.

Mwanangu ana miaka mitatu, anachanganya Kihaya na Kiswahili katika sentensi moja. Kwenye chekechea wamesema tuache Kihaya ili asichelewe kuongea. Ni kweli?

Mama, msiache. Kuchanganya ni jambo la kawaida kwa mtoto wa lugha mbili, na sisi watu wazima tunafanya hivyo tangu asubuhi mpaka jioni. Ukitaka kujua maneno anayoyajua, hesabu ya lugha zote mbili pamoja. Mkimnyima Kihaya mnamnyima na bibi yake, hadithi zake na karipio lake.

La kuangalia ni jingine: kama haitiki anapoitwa kwa nyuma, au haunganishi maneno hata mawili katika lugha yoyote, akapimwe masikio wiki hii. Na hizo shule zinazomvika mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yake zinamfundisha aibu, na mtoto mwenye aibu hunyamaza darasani.

Niwaahidi wanangu shilingi elfu tano kila wakishika namba moja?

Inategemea wanapenda nini sasa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora, wakawaahidi wengine cheti wakichora. Siku zilizofuata, walioahidiwa walichora kwa hiari yao karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupungukiwa na hamu. Anayependa kusoma usimlipe ili asome. Kwa kazi asiyoipenda kabisa, kama kukariri jedwali la kuzidisha, zawadi ndogo ya kumwanzisha haina neno.

Ninachokipinga zaidi ni hiyo namba moja. Darasani ni mmoja tu anayeipata, na wanao wengine watajifunza kwamba jitihada zao hazina thamani nyumbani kwao. Pongeza alichokifanya: ukurasa alioufunga na kuuandika upya. Hizo elfu tano wanunulie kitabu cha hadithi, uwape siku isiyo na mtihani wowote.