Kabla ya kukemea, kagua mlango

Hapa Goma, pita mitaa ya Katoyi, Ndosho au Majengo usiku, utasikia maombi ya vita: makofi, miguu ikipiga sakafu ya mbao, sauti zimekauka kwa kukemea mapepo. Sauti kubwa haina kosa. Shida ni kwamba wengi wanaokemea hadi saa tisa za usiku huanguka kabla ya saa nne asubuhi kwa jambo dogo tu: tusi la jirani, deni la dola kumi, ujumbe kwenye simu.

Paulo aliandika barua kwa Waefeso akiwa mfungwa. Soma sura ya 6, mstari wa 11 hadi 14, polepole. Kusimama kunarudi mara tatu, na hakuna panapomtuma mtu aende kuwinda mapepo. Askari huyu amekwisha kuwekwa mahali pake na Kristo, kazi yake ni kutoondolewa hapo. Basi swali la kwanza si nani ananiroga. Jiulize umeacha wapi wazi.

Barua hiyohiyo, sura ya 4:26-27, inataja mlango mmoja kwa jina lake: hasira inayolala ndani ya nyumba hadi asubuhi. Hiyo humpa Ibilisi nafasi. Ifunge kabla ya kulala: taja mbele ya Mungu jina la aliyekukosea, taja alichofanya, hata kiasi cha pesa kama ni pesa. Kinachoweza kusuluhishwa, panga siku ya kwenda uso kwa uso, usitume sauti ya dakika saba kwa simu saa sita za usiku. (Kusamehe si kumrudishia funguo mtu anayekupiga. Hayo ni mambo mawili.) Milango mingine ni deni ambalo mume au mke hajui, uongo wa "niko njiani" ukiwa bado kitandani, na irizi iliyofichwa chini ya godoro palepale Biblia inapolala. Irizi haivunjwi kwa kelele. Mwenyewe aitoe kwa mkono wake na aichome. Watu wa Efeso ndivyo walivyofanya katika Matendo 19:19, wakachoma vitabu vya uchawi vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha.

Kisha Waefeso 6, mstari wa 12, ambao kwa mji wetu ni mgumu kuliko yote: kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Tangu mwezi wa kwanza 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafunga, ni rahisi sana kuomba maombi ambayo ndani yake ni kabila la mtu. Sikiliza maombi ya kikundi chenu. Kama kinachokemewa kina sura, lugha au jina la ukoo, mmekwisha kuhama uwanja. Dai haki, lilia waliokufa, sema ukweli kuhusu aliyeua; Zaburi zimejaa maombi ya namna hiyo. Lakini jirani hageuki pepo kwa sababu ya alikozaliwa.

Vilevile mtoto. Mtoto anayekojoa kitandani, anayeanguka kifafa au ambaye biashara ya baba ilikufa mwaka aliozaliwa si mchawi. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaweka adhabu. Anayetaka kumfungia mtoto bila chakula ili "afunguliwe", mchukue mtoto wako na utoke mahali hapo siku hiyohiyo.

Sehemu kubwa ya vita hupiganwa katika fikra. Jangwani, katika Matayo 4, Yesu alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Angalia pia kwamba Ibilisi naye alitaja Zaburi ya 91. Andiko si dawa ya kunyunyiza, lazima ligonge uongo wenyewe. Chukua kijitabu, kila ukurasa uwe na mistari mitatu: uongo kama unavyousikia, andiko linaloujibu, na hatua ya leo. Mfano: "Mungu ametuacha hapa." Waebrania 13:5. Leo nitaenda kuwaona wale waliohamia jirani bila godoro. Bila mstari wa tatu, kijitabu kinakuwa mapambo baada ya wiki moja.

Kufunga ndiko watu wanakoumia zaidi. Anayeanza asirukie siku tatu kavu za Esta. Lile lilikuwa jambo la hatari ya kifo. Anza na siku moja hadi saa sita mchana, wiki inayofuata hadi jioni, na maji unakunywa, angalau lita mbili. Siku mbili kabla, punguza chai na kahawa, maana kichwa kinachopasuka siku ya pili mara nyingi ni kahawa iliyokosekana na maji kidogo, na watu hukiita shambulio. Ukizimia, ukitapika au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, fungua. Kufungua nako kuna utaratibu: uji mwepesi au ndizi iliyoiva kwanza, baada ya saa moja au mbili mboga laini na samaki kidogo. Fufu na nyama zingoje kesho. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye sukari, na anayekunywa dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI afunge kitu kingine: simu, maneno, starehe. Atakayemwambia aache dawa ili aonyeshe imani, huyo asimfuate.

Mkesha nao una hatari zake. Baridi ya Goma hufanya watu walete jiko la makala (makaa) ndani na kufunga madirisha. Hewa ya makala haina harufu, inalaza watu wasiamke. Jiko libaki nje. Wanaopenda kuomba porini upande wa Mugunga na Bulengo wasikae kwenye mashimo na mabonde ya mawe ya volkano. Mazuku, tunayoyaita upepo mbaya, ni hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini. Ni nzito, hujaa mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na inaua mbuzi na mtu bila kuuliza dini. Kaa juu, penye upepo. Njia nazo si salama gizani, kwa hiyo mkianza mkesha laleni hapohapo hadi kuche, au ombeni kuanzia saa kumi za alfajiri, kila mtu nyumbani kwake.

Aliyekesha usiku tatu mfululizo mara nyingi ndiye anayelalamika kukabwa: macho yako wazi, mwili hausogei, uzito kifuani. Mwili uliochoka hufanya hivyo. Jaribu kusogeza kidole kimoja, litaje jina la Yesu moyoni, lala ubavu, na kesho ulale mapema. Eliya alipotaka kufa, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili (1 Wafalme 19:5-8).

Anayedai dola hamsini ili akuvunjie laana ya ukoo anauza kilichokwisha kulipiwa. Usijadiliane naye bei.

Mwisho, ngao ya imani (Waefeso 6:16). Neno la Kigiriki ambalo Paulo anatumia limetoka kwenye neno la mlango, kwa sababu ngao hiyo ya Kirumi ilikuwa ndefu kupita mita moja, na askari waliziunganisha ubavu kwa ubavu. Tafuta watu wawili, wa jinsia yako, wasiopeleka maneno. Wekeni wakati uleule kila siku, dakika kumi tu, kwa simu au uso kwa uso: nini kimekupiga leo, umefanya nini, tuombe. Msitumie kundi la watu mia mbili kwa kazi hii. Na mmoja akikosa siku mbili mfululizo msimwandikie mstari wa Biblia. Nendeni kwake, mkipita sokoni mbebe unga na makala.