Tulikuwa watano kwenye gari moja

Aprili 2020, wakati wa korona, tulikuwa tunakwenda kazini watano kwenye gari moja, hapa Iowa, Marekani. Kiwanda cha nyama kiko nje ya mji, zamu ya pili inatoka usiku wa manane, basi hakuna, na kati yetu mwenye leseni alikuwa kaka mmoja tu, mwenzetu tuliyetoka naye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Akaanza kukohoa. Alisema ni baridi ya kwenye laini, yaani ule mstari wa mashine tunakosimama kufanya kazi, nasi tulimwamini kwa sababu kule ndani kila mtu hukohoa. Hazikupita siku kumi, wanne kati yetu tulikuwa kitandani, mimi nikiwemo.

Kiwandani tulipimwa joto mlangoni, tukapewa barakoa, na kwenye chumba cha kulia wakaweka vioo vya plastiki katikati ya meza. Lakini laini yenyewe ilibaki vilevile: bega kwa bega, mashine zinanguruma, ukitaka mwenzako akusikie lazima umpigie kelele usoni. Na hakuna aliyeuliza tunafikaje kazini. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwenu mnaofanya kazi za viwandani hapa Iowa na kwingineko Marekani ni huu: ugonjwa wa kuambukiza ukija tena, anzeni na gari. Pungueni muwe watatu, vioo viwe wazi hata kama kuna baridi, barakoa zisivuliwe mpaka mmeshuka. Kanisa letu lilitafuta madereva wengine wawili, wazee waliokwisha kustaafu kazi kiwandani, wakawa wanapokezana. Lingefanyika mapema, pengine nisingekuwa naandika haya. Mama zangu, nendeni mkafanye mtihani wa leseni. Mimi niliufanya mwaka uleule, nikaanguka mara mbili, ya tatu nikapita.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Siku nilipozidiwa pumzi, aliyepiga simu hospitalini ni binti yangu wa miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyeulizwa midomo ya mama imebadilika rangi au la. Yeye ndiye aliyepokea jibu kwamba huenda nikalazwa, na akanyamaza kidogo kabla ya kunitafsiria. Mtoto asibebeshwe mzigo huo. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani bila malipo. Jambo hilo linatokana na Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964. Huhitaji Kiingereza kumpata. Taja neno moja tu, "Swahili", kisha usikate simu hata kama kimya kitakuwa kirefu. Sisi Wakongo tuwe waangalifu hapa, maana wakisikia Kongo wanatuletea mkalimani wa Kifaransa. Mama aliyekulia Fizi akaja huku kupitia Kigoma, Kifaransa atakitoa wapi? Kataa kwa upole, rudia neno lako.

Katika wiki zile tatu za kulala ndani, jumuiya ndiyo iliyotulisha. Likelemba yetu, yaani mchezo wa kuchanga fedha na kupokeana kwa zamu, ina akina mama kumi na wawili. Zamu ya kupokea mwezi ule haikuwa yangu wala ya mama mwenzangu aliyekuwa mgonjwa, lakini waliokuwa mbele yetu wakatupisha. Kila jioni mtu alikuwa anaacha sufuria mlangoni, sombe au maharagwe na ugali uliofungwa kwenye taulo, anarudi garini, ndipo anapiga simu. Mwenzetu mmoja, msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, alikuwa anarekodi sauti kila usiku kwa Kiswahili chetu: joto likifika wapi uite gari la wagonjwa, kujifukiza kunafanya nini na hakufanyi nini. Sauti zile zilitusaidia kuliko karatasi zote zilizobandikwa kiwandani. Kila jumuiya imtafute mtu wa namna hiyo sasa, wakati watu ni wazima.

Kuhusu fedha, msisikilize habari za mwenzenu wa hoteli au wa duka dogo. Sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo iliyotoka Machi 2020 haikuwahusu waajiri binafsi wenye wafanyakazi 500 au zaidi, na viwanda vyetu vikubwa vilikuwa humo. Wengi walijua hilo hundi ilipokuja pungufu. Ulizeni chama cha wafanyakazi sera ya kiwanda chenu inasemaje, na jibu mlipate kwa maandishi. Ukiamini umeugulia kazini, mwajiri apewe taarifa mapema. Kwa madai ya fidia hapa Iowa sheria inataka iwe ndani ya siku 90.

Na uwe na daftari. Langu ni la shule, la binti yangu. Niliandika tarehe niliyomwambia msimamizi kwamba nakohoa, saa, jina lake, na alivyonijibu: rudi kwenye laini. Malalamiko ya usalama yanapelekwa OSHA, ofisi ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, namba 1-800-321-6742, na Iowa ina ofisi yake ya jimbo kwa kazi hiyo. Omba mkalimani, na omba jina lako lisitajwe kwa mwajiri, wanaruhusu. Ukifukuzwa au kupunguziwa saa kwa sababu ulilalamika, una siku 30 tu za kuwapelekea jambo hilo. Siku 30 ni chache sana kwa mtu anayelala mgonjwa, ndiyo maana tarehe ziandikwe na mtu mwingine nyumbani ajue daftari liko wapi.

Niliporudi, tuliingia ofisini watatu pamoja, na mjumbe wa chama, tukiwa na daftari. Tuliomba mambo mawili: laini ipunguzwe mwendo ili tusimame mbali mbali, na matangazo yaandikwe kwa Kiswahili. Laini haikupunguzwa. Tangazo lilikuja baada ya wiki tatu, lina makosa ya tahajia, limebandikwa karibu na mashine ya kupigia saa, na zamu ya pili ikasimama pale kulisoma kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma.