Simamisha video kabla hawajalala

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliwawekea wanafunzi filamu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, taa zimezimwa, kipindi kizima. Nilijiona fundi kweli. Kengele ilipolia nikauliza wameona nini. Kijana wa dawati la mbele akajibu, "Vita, mwalimu." Wawili kule nyuma walikuwa bado wanakoroma.

Siku hizi sivuki dakika tatu. Chukua ile filamu ya Waingereza kuhusu mapigano ya Somme, kule Ufaransa katika vita hiyo hiyo, iliyoonyeshwa mwaka 1916. Kuna mahali askari wanapanda kutoka handakini, mmoja anaporomoka na kubaki pale pale. Simamisha hapo hapo, kisha uliza: mpiga picha alikuwa amesimama wapi? Darasa litanyamaza. Usiwasaidie! Atatokea mmoja atakayeshangaa mtu na kamera yake nzito anapigaje picha risasi zikivuma. Kipande hicho kiliigizwa nyuma ya uwanja wa vita. Ila sehemu kubwa ya filamu ni halisi, kwa hiyo watakuuliza watatofautishaje, na ubishi huo ndio somo lenyewe.

Projekta si lazima kila mara. Picha ya Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, akitembea kando ya mfereji na Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wake wa siri, ichapishe katika sura zake mbili: Yezhov akiwemo, na Yezhov akiwa amefutwa baada ya kuanguka kisiasa na kuuawa mwaka 1940. Wape bila maelezo. Wataanza na nguo, watahesabu watu, mwishowe mmoja ataweka kidole kwenye maji palipokuwa na mtu. Baada ya hapo, hata picha za akili mnemba wanazotumiana kwenye simu hawazimezi nzima nzima.

Mengine ni ya kawaida: pakua video jana yake, na ujaribu spika ukiwa umesimama nyuma ya darasa.

Simu nazo zina kazi. Watume wakarekodi wazee wao, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe. Wangu wa kwanza walirudi na sentensi mbili mbili kwa sababu niliwapa swali la "maisha ya zamani yalikuwaje?" Awamu ya pili nikabadilisha: siku ya kwanza shuleni ulivaa nini miguuni? Rekodi fupi kuliko zote ilikuwa dakika kumi na moja.