Maswali na majibu: Kambare kabadilika rangi, maji yako je?

Barua za wiki hii karibu zote ni za kambare waliogeuka rangi. Nimechagua sita. Zilizobaki ni swali lile lile limebadilisha kanzu.

Nimemtoa kambare kwenye pipa jeusi nikamtia tangi la kioo lenye changarawe nyeupe. Siku mbili tu, amepauka kama majivu. Ni ugonjwa? (Ntinda, Kampala)

Si ugonjwa. Ngozi yake ina chembe nyeusi zinazotawanyika akiwa mahali peusi na kujikusanya akiwa mahali peupe. Anajificha, basi. Ikiwa anakula na sharubu zake ni nzima, mwache. Ila hizo changarawe za kumetameta ni za kumfurahisha mwenye nyumba, si samaki wa tope. Weka mchanga wa kawaida na kipande cha chungu kilichovunjika, apate pa kulala.

Samaki wangu amebadilika rangi, nimpe dawa gani? (Mbale)

Samaki yupi? Rangi gani? Tangi la lita ngapi, na maji ulibadilisha lini? Andika tena.

Nimeuziwa gogogo mdogo. Anaogelea kichalichali, na tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo. Anakufa? (Jinja)

Swali zuri. Huyo yaelekea ni gogogo, jamaa wa kambare, wa bonde la Kongo, Synodontis nigriventris, na hilo jina la pili maana yake ni tumbo jeusi. Samaki wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe: ukimtazama kutoka juu anapotea kwenye giza la chini, ukimtazama kutoka chini anapotea kwenye mwanga. Huyu anayeishi chali amegeuza rangi pia. Wamisri wa kale walimchonga ukutani ndugu yake wa Mto Nile akiwa vivyo hivyo, tumbo juu. Siku utakayomwona anapauka tumboni na kulala ubavu, hapo ndipo uhangaike.

Tangi langu la lita 80 lina wiki tatu. Kambare wawili wadogo wamekuwa wekundu tumboni na kwenye mashina ya mapezi, wanapanda juu kuvuta hewa kila mara. Nimetia unga wa antibayotiki wa kuku siku tatu, hawaponi. (Entebbe)

Nimelipigia kelele jambo hili mpaka sauti imekauka. Unga wa kuku ni wa kuku!

Wekundu huo, katika tangi changa namna hiyo, kwanza ushuku amonia. Kinyesi na chakula kilichobaki huitoa, nayo huunguza ngozi na matamvua. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo haina sumu kali. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Lako lina tatu, na antibayotiki inaweza kuwaua hata hao wachache waliokwishaanza.

Kisha kuna kambare mwenyewe. Ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, ndiyo maana sokoni unamkuta bado anatikisika kwenye beseni. Ngege (tilapia), asiye na kiungo hicho, angekufa mapema nawe ungejua maji yameoza. Kambare anavumilia, anaungua polepole, na wewe unadhani unamtibu.

Acha dawa leo. Usilishe siku mbili. Badilisha theluthi moja ya maji kila siku kwa wiki nzima, na maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi saa 24 klorini itoke. Tafuta kipimo cha amonia. Umeme ukikatika usiku kucha, suuza filta kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, kwa sababu bakteria waliokosa hewa humo wanaoza. Na siku utakapohitaji dawa kweli, jihadhari na zenye shaba: kambare hana magamba ya kumkinga.

Kambare mweupe mwenye mabaka meusi, muuzaji anasema ni aina mpya kutoka ng'ambo. (Arua)

Yaelekea ni kambare yule yule wa mabwawani, amezaliwa na upungufu wa rangi. Anaweza kukua kupita mita moja vilevile. Wenye waridi au buluu ya kung'aa usiwaguse kabisa: wengine hupakwa au kuchomwa sindano ya rangi, na anayewanunua ndiye anayeifanya biashara hiyo iendelee.

Pleko wangu huwa mweupe usiku, asubuhi anarudi mweusi. (Fort Portal)

Pleko ni kambare wa Amerika Kusini anayenyonya kioo cha tangi. Ni kawaida, taa zikizimwa rangi hupungua. Hukuniuliza, lakini wengi wa aina hiyo hupita sentimita 30, halafu mwenye tangi hukumbuka kwamba kuna ziwa karibu, akamtupe humo. Sangara, samaki mgeni aliyetiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, bado anatuchosha akili. Ukimchoka pleko, mrudishe dukani, au mpikie mchuzi. Kule Amazon wanamla.