Mahamri na mbaazi: siri ni tui

Swali la wiki hii liliuliza: ni chakula gani cha kwenu kinachotuliza moyo, nacho kilitoka wapi? Kwa Mombasa jibu ni la chai ya asubuhi: mahamri na mbaazi za nazi.

Karibu kila kilichomo sahanini kiliingia kwa bahari. Asili ya mbaazi ni Bara Hindi, na iliki ni ya milima ya kusini ya huko huko. Pilipili kali ni ya Amerika. Haikujulikana pwani hii kabla ya Wareno kufika mwaka 1498, kwa hiyo mbaazi za kale hazikuwa na ukali huo. Ngano haistawi kwa joto letu, nayo ilizidi kupatikana baada ya reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, kufika Bonde la Ufa. Jina lenyewe, hamri, ni ndugu wa hamira, na yote mawili ni ya Kiarabu. Kabla ya hamira ya paketi, unga uliumuliwa kwa tembo la mnazi.

Kinachoviunganisha vyote hivyo ni tui, na ndilo linalopuuzwa siku hizi. La kopo ni zito, lakini halina harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi. Zikune nazi 2 zilizokomaa, tia vikombe 2 vya maji vuguvugu, kamua kwa kifumbu: hilo ndilo kasimele. Rudia kwa vikombe 2 vingine upate tui jepesi.

Kwa mahamri, changanya unga wa ngano vikombe 3, sukari theluthi ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai na iliki iliyotwangwa kiasi hicho hicho. Kandia kasimele kikombe 1, kidogo kidogo. Liwe vuguvugu tu. La moto huua hamira. Kanda dakika 15, mpaka donge lisishike mkono, kisha lifunike hadi liumuke mara mbili ya ukubwa wake. Kwa joto la Mombasa, saa moja na nusu hutosha. Gawa madonge 4, sukuma kila moja unene wa nusu sentimita, kata vipande 4, uyafunike tena dakika 20. Pangusa unga uliobaki juu, maana huungua karaini na kuyatia mafuta weusi.

Hamri likitiwa kwenye mafuta ya moto huzama kidogo, likapanda. Hapo hapo limwagie mafuta juu kwa upawa, nalo litafura kama mto. Lisipofura, ama mafuta yalikuwa baridi, ama lilisukumwa jembamba mno, ama liliachwa wazi likakauka ngozi. Mafuta yakitoa moshi, litababuka nje na ndani libaki bichi.

Mbaazi kavu nusu kilo ziloweke usiku kucha, uzichemshe bila chumvi mpaka zibonyee kwa vidole viwili. Ndipo utie kitunguu, pilipili mbichi zilizopasuliwa, manjano kidogo, chumvi na tui jepesi, uache lipungue. Wako wanaotia nyanya. Kwangu nyanya huzima utamu wa nazi.

Kasimele lililobaki huingia mwisho, kwa moto mdogo, na mwiko usipumzike. Likiachwa litokote kwa nguvu, tui hukatika: mafuta hujitenga juu, na chini hubaki maji yenye chengachenga, wala si rahisi kulirudisha. Epua mchuzi ukingali mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka, kwa sababu huendelea kushika ukipoa. Mbaazi zilizolala ziongezee vijiko 2 vya maji kabla ya kupasha, na hamri la jana lipashe juu ya mvuke, si kwenye mafuta mara ya pili.